Azimio la Arusha halikuamuru watu wahamishwe

Wengi wanaamini kwamba Azimio la Arusha ndilo lililowaswaga wakulima kwenda kwenye vijiji vya ujamaa. Sivyo. TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, ililitangaza Februari 5, 1967, na ukilisoma hukuti amri ya kumhamisha mtu. Linasema maendeleo yanahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haimo, kwa makusudi kabisa, kwa kuwa chama kilikataa taifa liishi kwa kutegemea mikopo na misaada.

Makali yake yaliwaangukia viongozi wenyewe, jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote na ndilo linalosahaulika. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili wala kupangisha nyumba. Miiko hiyo CCM, chama kilichoirithi TANU, iliilegeza katika kikao chake cha Zanzibar mwaka 1991.

Sera ya Ujamaa Vijijini ilifuata baadaye mwaka huohuo wa 1967, nayo ilisisitiza hiari. Kuhamia vijijini kulifanywa lazima Novemba 1973, na muda ukawekwa: mwisho wa 1976. Katika Operesheni Vijiji hiyo, kuna waliochomewa nyumba ili wasirudi walikotoka.