Beta jike si mpole kama unavyoambiwa

Maneno ya wauzaji wa samaki wa mapambo kuhusu beta ni yale yale: dume akae peke yake, majike weka hata kumi pamoja. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili ndiyo inayowaletea watu samaki wenye mikia iliyotafunwa na mmoja aliyejibanza pembeni juu ya maji, hali wala hatoki.

Beta (Betta splendens) asili yake ni Thailand, kwenye vinamasi, mitaro na mashamba ya mpunga. Amefugwa huko kwa vizazi vingi kwa ajili ya mapigano, na ukali uliochaguliwa haukubaki kwa madume peke yao. Tofauti ni kwamba jike hashambulii kwa kishindo. Humfukuza mwenzake kutoka kwenye chakula, humng'ata kidogo leo, kidogo kesho, na wewe unaona tu mmoja anakonda. Ndiyo maana kwa anayeanza nashauri jike mmoja, tangi moja.

Kwanza hakikisha ni jike kweli, maana dume mchanga wa aina yenye mapezi mafupi huuzwa kama jike kila siku. Mtazame akiwa ubavu, chini ya tumbo, nyuma kidogo ya yale mapezi mawili membamba yanayoning'inia. Jike ana kidoa cheupe kama punje ya chumvi: ni tundu la kutolea mayai. Kidoa peke yake hakitoshi, kwani madume wachanga nao wakati mwingine wanacho. Msogezee kioo kidogo atanue mashavu. Dume huchomoza ngozi nyeusi kama ndevu chini ya mashavu. Ya jike ni fupi, mara nyingi huioni kabisa.

Tangi liwe la lita 20 au zaidi, refu kwa upana kuliko kina, kwa sababu beta hupanda juu kuvuta hewa. Ana kiungo maalumu juu ya matamvua kinachotumia hewa ya kawaida, na hilo limewafanya wengi waamini anaweza kuishi kwenye chupa ya jamu. Kiungo hicho kinamwokoa na ukosefu wa oksijeni, hakimwokoi na amonia, sumu inayotokana na kinyesi chake na chakula kinachooza. Acha nafasi ya sentimita 4 kati ya maji na mfuniko, na mfuniko uwepo: jike ni mwepesi, huruka kuliko dume mwenye mapezi mazito.

Chujio linalomfaa ni la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, kwani mkondo wake ni wa taratibu. Pampu ikae juu kuliko usawa wa maji, la sivyo umeme ukikatika maji yatarudi kwenye mpira hadi ndani ya pampu. Umeme ukikatika kwa saa nyingi usimlishe. Bakteria waliomo kwenye sponji, wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati, wanahitaji maji yenye oksijeni yanayopita. Yakisimama wanaanza kufa. Umeme ukirudi, nusa sponji. Likinuka uvundo, likamue kwenye ndoo ya maji uliyochota tangini kabla ya kuwasha. Usilioshe kwa maji ya bomba, klorini itamaliza bakteria waliosalia.

Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye tangi jipya. Weka maji, washa chujio, tia chembe chache za chakula kila siku zioze, na upime. Amonia na nitriti zikifika sifuri na nitrati ikaonekana, tangi limeiva. Ukipata kipande cha sponji kutoka tangi la mtu lenye samaki wenye afya, muda unapungua sana. Baada ya hapo badilisha robo ya maji kila wiki, maji mapya yakiwa na joto lile lile. Kuyalaza maji ya bomba usiku mzima huondoa klorini lakini hakuondoi kloramini (klorini iliyoungana na amonia), hivyo dawa ya kuondoa klorini ni salama zaidi.

Joto ni nyuzi 25 hadi 27. Dar es Salaam au Mombasa kwa miezi mingi hutahitaji hita, yaani kifaa cha kupasha maji joto. Nairobi, Arusha au Mbeya huwezi kuikwepa, na wati 50 zinatosha kwa lita 20 hadi 40. Beta mwenye baridi hulala chini, chakula hakimeng'enywi, na mapezi huanza kuoza nchani.

Watu wa pwani wana neema ambayo wengine huinunua kwa pesa: majani ya mkungu, ule mti wa kungu. Okota yaliyoanguka yenyewe na kukauka, mbali na barabara na dawa za wadudu, yasuuze, na utie jani moja kwa lita 20. Maji yatakuwa rangi ya chai nyepesi, asidi itapanda kidogo, na samaki atatulia. Badilisha jani baada ya wiki 3 hivi.

Chakula ni punje 3 ndogo za chakula cha beta asubuhi na 3 jioni, na siku moja kwa wiki asile kitu. Viluwiluwi wa mbu ni karamu kwake, ila waliofugwa kwenye maji safi ya mvua, si ya mtaroni, na chombo kimwagwe kila baada ya siku 5 usije ukafuga mbu.

Tumbo ndilo linalowatisha wenye majike, na hapa wengi hutibu ugonjwa usiokuwepo. Mtazame kutoka juu. Tumbo likijaa kwa usawa pande zote mbili, anakula na anachangamka, ana mayai tu. Huhitaji dume, atayataga na kuyala mwenyewe, au mwili utayafyonza. Mistari ya kusimama ubavuni ni dalili kwamba yuko tayari kuzaa, mistari ya kulala ni ya hofu. Tumbo lililovimba huku hajapata choo siku mbili, na anaogelea akipinda, limefunga: mnyime chakula siku 2, kisha mpe dafinia (viroboto wa maji). Sishauri njegere wanazozisifu watu, kwani huyu ni mla nyama. Asipofunguka, mwogeshe dakika 15 kwenye chombo cha pembeni chenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya haluli (Epsom salt) kwa lita 4. Lakini ukiona magamba yamesimama kama ganda la nanasi, hayo ni maji yaliyojaa mwilini, mara nyingi figo zimeshindwa, na wachache sana hupona.

Ukishikilia kuwa na kundi, anza na lita 100, majike 5 au zaidi waliokulia pamoja, na mimea minene kiasi kwamba ukisimama upande mmoja huoni upande wa pili. Waingize wote siku moja. Kundi linaweza kutulia miezi sita kisha likavunjika kwa wiki moja, kwa hiyo tangi la pili lililoiva liwepo tangu mwanzo. Mkorofi mtoe yeye, siyo anayeonewa, maana ukimtoa mnyonge atachaguliwa mwingine siku hiyo hiyo. Mweke pembeni wiki moja, upange upya mimea na mawe, ndipo umrudishe. Akianza tena, huyo ni wa kukaa peke yake.