Kilichowaua wahamiaji wa Oregon
Watu wengi huamini kwamba familia za wakulima zilizohamia magharibi mwa Marekani katika miaka ya 1840 na 1850 ziliangamia hasa kwa mashambulizi ya wenyeji wa asili. Sivyo ilivyokuwa. Katika njia ya Oregon, safari ya takribani kilomita 3,200 kutoka Missouri hadi bonde la Willamette huko Oregon, magharibi mwa nchi, muuaji mkubwa alikuwa maradhi, hasa kipindupindu, kilichoenea sana kati ya 1849 na 1852 kwa sababu misafara ilipiga kambi mahali palepale na kunywa maji yaliyochafuliwa na waliotangulia. Wengine walizama wakivuka mito, na wapo watoto, jambo linalohuzunisha zaidi, waliokanyagwa na magurudumu ya magari ya maksai. Wenyeji mara nyingi waliwauzia wahamiaji samaki na kuwavusha mito kwa malipo. Mapigano yalikuwepo, lakini mwanahistoria John Unruh, aliyechunguza miaka ya 1840 hadi 1860, alihesabu wahamiaji 362 waliouawa na wenyeji, na wenyeji 426 waliouawa na wahamiaji. Hata magari yaliyopangwa kwa duara, ambayo filamu hupenda kuyaonyesha kama ngome ya kujikinga na mashambulizi, kwa kawaida yalikuwa zizi la kuzuia mifugo isipotee usiku.