Yom Kippur ni nini?

Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaijua kwa jina la Siku ya Upatanisho. Wayahudi huiita Yom Kippur, nayo ni tarehe 10 ya mwezi wa Tishri, mwezi ambao mwaka wao mpya huanza. Kwa kalenda yetu huwa Septemba au Oktoba.

Aliyezoea funga ya Ramadhani ataona tofauti mara moja: hapa hakuna daku. Mtu hula mlo wa mwisho alasiri, na jua likishatua hali wala hanywi, hata maji, mpaka nyota zionekane usiku wa kesho yake. Ni kama saa 25. Tena haogi, hajipaki mafuta, hakutani kimwili na mwenzi wake, wala havai viatu vya ngozi. Ndiyo maana mlangoni mwa sinagogi unaweza kumwona mzee kavaa suti iliyopigwa pasi vizuri, na miguuni raba za turubai. Mgonjwa ambaye funga itahatarisha uhai wake haruhusiwi kujikaza. Sheria inamtaka ale.

Kiini cha siku yenyewe ni *teshuva*, yaani kurudi. Neno hili lina undugu na toba yetu iliyotoka Kiarabuni. Nalo asili yake ni kurudi. Na hapa Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi wa mnamo mwaka 200, haina huruma: makosa kati yako na Mungu husamehewa siku hii, lakini uliyomkosea mwenzako hayafutiki mpaka umridhishe mwenyewe. Kwa hiyo siku zinazotangulia ni za kupiga simu na kubisha hodi. Una deni la mtu, lipa. Ulimsengenya, kamwombe radhi. Akikataa, rudi tena, hadi mara tatu. Mimi naona hapo ndipo pagumu kuliko kiu.

Zamani kuhani mkuu alitoa dhabihu hekaluni Yerusalemu. Warumi walilibomoa mwaka 70, na tangu hapo sala zikashika nafasi ya dhabihu. Maungamo husemwa kwa wingi, "tumekosa", hata na asiyetenda kosa linalotajwa, kila mmoja akijigonga kifua taratibu kwa ngumi. Alasiri husomwa kitabu cha Yona, kile cha watu wa Ninawi waliofunga wakasamehewa.

Giza likiingia hupulizwa pembe ya kondoo dume, na watu wanakwenda kufuturu.