Watu watano wanatosha?
Wabunifu wengi wa programu za simu huamini kwamba ukishaijaribu programu kwa watu watano, umewaelewa watumiaji wote. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu na tovuti, aliyeieneza namba hiyo mwaka 2000, hakusema hivyo. Alikadiria kwamba mtumiaji mmoja hufichua asilimia 31 ya kasoro zilizopo, hivyo watano hufikia kama 85. Lakini kasoro inayomkwaza mtu mmoja kati ya kumi? Uwezekano wa watano kuiona ni asilimia 41 tu. Nielsen mwenyewe alipendekeza watu 15, watano kwa kila awamu, ukirekebisha kasoro kati ya awamu moja na nyingine. Sehemu hii husahauliwa, nadhani kwa sababu ina gharama. Tena watumiaji si kundi moja: katika programu ya kutuma pesa, kwa mfano, wakala wa fedha hakwami pale anapokwama mteja wake, kwa hiyo kila kundi lijaribiwe peke yake.