"Njia halali mbadala" za kupata muziki chuoni: maana yake nini?

Ukisoma kanuni za matumizi ya mtandao katika vyuo vya Marekani, jirani na onyo la hakimiliki utakuta maneno "njia halali mbadala". Ni huduma zozote zinazompa mwanafunzi muziki kwa idhini ya wenye haki: kununua wimbo mmoja mmoja, kulipia kila mwezi ili usikilize mtandaoni, au kusikiliza bure huku ukivumilia matangazo. Hadi hapo ni rahisi. Swali ni kwa nini chuo ndicho kinachotakiwa kumwelekeza mwanafunzi huko.

Bwenini, chuo ndicho mtoa huduma ya intaneti. Mwaka 1999 Shawn Fanning, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Northeastern mjini Boston, alitoa programu ya Napster ya kubadilishana nyimbo, na mitandao ya vyuo, iliyokuwa na kasi kuliko ya majumbani, ikageuka ghala la bure. Kampuni za kurekodi muziki ziliishtaki Napster, kisha zikawageukia wanafunzi wenyewe. Joel Tenenbaum wa Chuo Kikuu cha Boston aliamriwa na jopo la raia mahakamani (jury) mwaka 2009 alipe dola 675,000 kwa nyimbo 30, yaani dola 22,500 kwa kila wimbo. Kwangu adhabu hiyo ni ya kutisha kuliko kosa, lakini ilikuwa ndani ya sheria, ambayo inaruhusu hadi dola 150,000 kwa kila kazi iliyoibwa kwa makusudi.

Mwaka 2008 Bunge la Marekani likavibana vyuo moja kwa moja, kupitia sheria ya elimu ya juu. Chuo ambacho wanafunzi wake wanapata misaada ya fedha ya serikali kuu kinatakiwa kuwaeleza wanafunzi kila mwaka adhabu za kukiuka hakimiliki, kiwe na mpango wa kuzuia usambazaji haramu, na kitoe njia halali mbadala "kwa kadiri inavyowezekana". Maneno hayo ya mwisho yana mwanya mpana. Chuo hakilazimishwi kumlipia mtu yeyote, na vingi huweka tu orodha ya huduma kwenye tovuti, mahali ambapo mwanafunzi hafiki mpaka awe ameshakamatwa.

Kabla ya sheria hiyo wapo waliojaribu kulipa. Mwaka 2003 chuo kikuu cha Penn State kiliingia mkataba na Napster mpya, ile ya kulipia, ili wanafunzi wasikilize bila kutoa fedha mfukoni. Tatizo likawa kwenye faili zenyewe: zilifungwa kwa kufuli ya kidijitali, hazikuingia kwenye iPod, kicheza muziki cha Apple, na usajili ukiisha zinanyamaza. Mwanafunzi alikuwa amepangishiwa wimbo.

Na mwanafunzi anayepakua bila idhini hukamatwa vipi? Chukua programu za torenti. Wakati wimbo unaingia kwenye kompyuta yako vipande vipande, programu inavigawa vipande hivyohivyo kwa wengine. Wewe ulidhani unapakua tu, kumbe unasambaza, na kusambaza ni haki nyingine ya mwenye kazi. Wakala wa wenye haki anajiunga na mgao huo kama mtu mwingine yeyote, anaandika anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni), jina la wimbo na saa, kisha anakitumia chuo taarifa. Kitengo cha TEHAMA kinatazama kumbukumbu zake: saa ile, anwani ile alikuwa nayo nani? Katika vyuo vingi intaneti ya mwanafunzi huyo inakatwa kwanza, maelezo baadaye.

Siku hizi karibu kila mwanafunzi anasikiliza mtandaoni, kwa hiyo kosa limehama. Usajili wako unakupa idhini ya kusikiliza wewe, kwa matumizi binafsi. Ukiunganisha simu na spika za ukumbi kwenye sherehe ya klabu, huo ni uchezaji wa hadharani, unaohitaji leseni ya mashirika kama ASCAP na BMI yanayokusanya mirabaha ya watunzi. Vyuo vingi vinayo tayari, hivyo waandaaji waulize kama inafika hadi ukumbi wao. Ila wimbo huohuo ukiuweka chini ya video ya klabu, leseni hiyo haikusaidii: unahitaji ruhusa ya mtunzi, na nyingine ya mwenye rekodi.