Williams ilianza kuanguka ghalani

Vijana ninaotazama nao mbio za langalanga (Formula 1) hapa Jang'ombe, Zanzibar, wameikuta Williams iko mkiani. Ukiwaambia timu hii ilitwaa ubingwa wa timu mara 9 kati ya 1980 na 1997, hawaamini.

Wanaojua kidogo husema Adrian Newey, mbunifu wa magari yao, alihamia McLaren, na Renault wakaacha kuwapa injini mwisho wa 1997. Ni kweli, na pengo lile lilikuwa kubwa. Ila injini nzuri waliipata tena: 2014 na 2015, wakiwa na ya Mercedes, walishika nafasi ya tatu. Mwaka 2018, wakiwa bado na Mercedes, wakamaliza wa mwisho. Mimi nasimamia spea na matengenezo ya boti za abiria Malindi, na kwa hali hiyo jicho langu linakwenda ghalani.

Mwaka 2019 majaribio ya kabla ya msimu huko Barcelona yalianza gari lao halijakamilika. Msimu ule mzima wakapata pointi 1. Mwaka 2020 hawakupata hata moja, na Agosti familia ya mwanzilishi, Frank Williams, ikaiuza timu kwa Dorilton Capital ya Marekani.

James Vowles alipokuja kuiongoza 2023, alikuta vipande vya gari, kama 20,000 hivi, vimeorodheshwa kwenye jedwali la Excel. Bei ya kipande, muda wa kukitengeneza, vingapi vimeagizwa: havimo. Mwenye kazi hii anajua balaa lake. Boti ikikosa sili moja ya pampu haiendi Pemba, hata kama injini imetoka kufunguliwa yote. Na kipande kinachotengenezwa kwa pupa huwa kizito, maana hakuna muda wa kukipunguza uzito. Kwenye langalanga kilo chache tu zinakula muda kila mzunguko.

Machi 2024, Melbourne, dereva wao Alex Albon aligonga ukuta kwenye mazoezi ya Ijumaa na chesisi (kiunzi kikuu cha gari) ya akiba haikuwepo. Wakamnyang'anya dereva mwenzake, Logan Sargeant, gari lake, naye hana kosa, wakampa Albon. Albon akamaliza wa 11, bila pointi. Iliniuma sana kuona timu ya Frank Williams imefikia hapo.

Mwaka 2025 wamemaliza wa tano, na dereva wao Carlos Sainz akashika nafasi ya tatu kwenye mbio za Baku. Nimefurahi kweli. Lakini msimu ukianza, mimi nitatazama kwanza kama chesisi ya tatu, ile ya akiba, imesafiri na timu.