Je, wajua kwa nini Konstantino alisubiri hadi karibu na kifo ndipo abatizwe?

Mwezi Mei mwaka 337, Konstantino, Kaisari wa Roma, alikuwa mgonjwa mahututi karibu na mji wa Nikomedia. Miaka 12 kabla ya hapo alikuwa amewaita maaskofu Nisea na kuketi nao walipojadili uungu wa Kristo, ilhali yeye mwenyewe hakuwa amebatizwa. Sasa aliomba ubatizo, akavikwa nguo nyeupe, akakataa kuligusa tena vazi la zambarau la kifalme, na siku ya Pentekoste akafariki.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba alikuwa mwanasiasa aliyeitumia dini kwa maslahi yake, au kwamba alitaka kuponda raha kwanza na kutubu baadaye. Jibu hilo lina kasoro kubwa: haliwaelezi wengine waliofanya vivyo hivyo, nao hawakuwa wachache. Ambrosi alichaguliwa kuwa askofu wa Milano mwaka 374 akiwa bado mkatekumeni, yaani mwanafunzi wa imani ambaye hajabatizwa, ikabidi abatizwe upesi kabla ya kuwekewa mikono. Kaisari Theodosi alibatizwa Thesalonike mwaka 380 kwa sababu alidhani anakufa, kisha akapona. Augustino, aliyekuja kuwa askofu na mwalimu mashuhuri wa Kanisa, alipougua tumbo utotoni, mama yake Monika, mwanamke ambaye ni vigumu kumshtaki kwa ulegevu wa imani, alianza kuandaa ubatizo kwa haraka. Mtoto alipopata nafuu, maandalizi yakasitishwa. Augustino anaieleza sababu waziwazi: hatia ya dhambi zinazotendwa baada ya kuoshwa ilihesabiwa kuwa kubwa na ya hatari zaidi. Kwa hiyo watu hao hawakuahirisha ubatizo kwa kuudharau. Waliuogopa kwa kuwa waliuamini mno.

Ubatizo ulifuta dhambi zote zilizotangulia, uwe uongo au mauaji, na haukurudiwa. Mfikirie mdaiwa aliyeambiwa na mkopeshaji wake kwamba deni lake lote litafutwa siku atakayoichagua mwenyewe, bila riba wala maswali, ila msamaha huo utatolewa mara moja tu. Mdaiwa anajua kwamba bado ana miaka mingi ya biashara mbele yake na kwamba atakopa tena, apende asipende. Akiudai msamaha leo, deni la kesho litabaki shingoni mwake. Akisubiri, msamaha uleule utayafunika yote mawili. Hatari ni moja tu, kwamba huenda akafa kabla hajaudai.

Deni hilo la kesho lililipwa kwa uchungu. Kwa dhambi nzito za baada ya ubatizo kulikuwa na kitubio cha hadharani, yaani adhabu ya toba iliyofanywa mbele ya waumini, nacho kwa kawaida kilitolewa mara moja tu maishani. Kanuni ya 11 ya mkutano ule wa Nisea inaonyesha kipimo chake: Wakristo waliobatizwa ambao waliikana imani wakati wa utawala wa Lisinio, Kaisari mwenza na mpinzani wa Konstantino, pasipo kutishiwa uhai wala mali, walipaswa kupitia madaraja ya watubu: miaka 3 miongoni mwa wasikilizaji, miaka 7 miongoni mwa wanaosujudu, na miaka 2 wakisali pamoja na waumini bila kushiriki Ekaristi. Hiyo ni miaka 12, na maaskofu waliandika kwamba wanawahurumia watu wasiostahili huruma.

Mtawala aliyeamuru vita na hukumu za kifo, akiwemo mwanawe Krispo aliyeuawa mwaka 326, alikuwa na sababu ya kutosha ya kuihofia hesabu hiyo. Hata hivyo, hilo ni hitimisho letu. Eusebi wa Kaisaria, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba Konstantino alisema alikuwa ametumaini kubatizwa katika mto Yordani, kama Kristo. Inawezekana sababu zote mbili zilikuwepo.

Wahubiri hawakuipenda desturi hii. Maaskofu Basili na Gregori wa Nazianzo waliikemea vikali, ingawa wao wenyewe, waliozaliwa katika familia za Kikristo, walibatizwa wakiwa watu wazima. Kaisari kijana Valentiniano II alifariki mwaka 392 akiwa bado anausubiri ubatizo, na Ambrosi alilazimika kuwafariji dada za marehemu kwa hoja kwamba aliyeutamani kwa dhati hakunyimwa neema yake.

Desturi ilififia polepole, mafundisho kuhusu dhambi ya asili yalipoimarisha ubatizo wa watoto wachanga na maungamo ya faragha, yanayoweza kurudiwa, yalipoenea, hasa kupitia watawa wa Ireland. Mabadiliko hayo hayakumfurahisha kila mtu. Mwaka 589, maaskofu waliokutana Toledo, Hispania, walilalamika kwamba katika baadhi ya makanisa watu wanamwomba padri msamaha kila wanapotenda dhambi, wakaiita tabia hiyo chukizo. Mwaka 1215, Mtaguso wa Nne wa Laterani, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, uliwaamuru waumini wote waliofikia umri wa kupambanua kuungama angalau mara moja kila mwaka.